Abu Zayd al-Balkhi: Tabibu wa Nafsi Aliyeogopa Mto



Katika ukurasa huu wa wasifu tumezoea kusoma habari za maimamu wa fiqhi, wapokezi wa Hadithi na majemadari wa dola zetu za zamani. Safari hii zamu imenifikia mimi, nami nimemchagua mtu ambaye wengi wetu hatumfahamu, ingawa jina lake lilivuma Khurasan na Iraq zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Anaitwa Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi. Alikuwa mwanafalsafa, mwanajiografia, mwandishi wa masuala ya Qur'ani na mwalimu. Mimi nimemwendea kwa sababu ya kitabu chake kimoja juu ya afya. Kabla sijasimulia maisha yake, niruhusuni niseme nilivyokutana naye, kwa sababu bila hayo hamtaelewa kwa nini namwandikia.

Kwenye birika la msikiti

Mimi ni mtoto wa Bugarama, wilaya ya Rusizi. Asiyepajua kwetu afikirie bonde la chini lenye joto ambalo halifanani na Rwanda ya milima, mashamba ya mpunga yaliyonyooka hadi macho yanachoka, vumbi la kiwanda cha saruji, na mpaka wa Kongo upande mmoja na wa Burundi upande mwingine. Waislamu tuko wengi, na Kiswahili utakisikia sokoni, msikitini na majumbani. Ukikaa barazani baada ya Alasiri, hakuna jambo la mtaa litakalokupita.

Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuficha kilichonipata. Likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni, nilianza kurudia udhu. Mara ya kwanza nilidhani kisigino hakikupata maji, nikarudia. Kisha nikaona nia haikukaa sawa, nikarudia. Baada ya wiki chache nilikuwa naweza kukaa na birika dakika 40, watu wameshasali na kutoka, mimi bado naosha mkono wa kulia. Katika Swala nilirudia takbiri ya kuhirimia mpaka imamu akarukuu. Usiku silali kwa kujiuliza kama Swala zangu za siku nzima zimekubaliwa. Niliporudi chuoni nikaanza kukosa mihadhara ya asubuhi kwa sababu ya Alfajiri isiyokwisha.

Waliojua walinipa maelezo mawili. Wa kwanza walisema imani yangu imepungua. Wa pili walisema nina jini, wakanielekeza kwa mtu. Mtu huyo simtaji, na wala si nia yangu kumsema. Ninachoweza kusema ni kwamba nilinunua kwake chupa baada ya chupa, za mafuta, za maji na za unga wa kufukiza, mpaka pesa zangu za matumizi za muhula zikaisha. Kila chupa iliposhindwa niliambiwa ipo nyingine yenye nguvu zaidi. Nilizinunua zote. Mtu mwenye hofu haulizi bei, na nadhani hilo linajulikana vizuri na wanaouza.

Siku moja katika somo la historia ya elimu za Kiislamu, mhadhiri wetu alitaja kwa kupita tu kwamba kuna mwanachuoni wa karne ya 3 Hijria aliyeandika mlango mzima juu ya waswasi na namna ya kuutibu. Nilimfuata nje ya darasa kabla hajafika ofisini kwake. Alinipa jina: al-Balkhi.

Mtoto wa mwalimu wa watoto

Abu Zayd alizaliwa yapata mwaka 235 Hijria, sawa na 850 Miladia, katika kijiji cha Shamistiyan karibu na mji wa Balkh. Leo Balkh iko kaskazini mwa Afghanistan. Wakati huo ulikuwa mji mkubwa wa biashara, njia panda ya misafara iliyotoka India, China na Iraq. Baba yake alikuwa mtu wa Sijistan aliyekuja kufundisha watoto kusoma na kuandika. Kwa hiyo Abu Zayd hakutoka katika nyumba ya mali wala ya cheo. Alitoka katika nyumba ya maalim wa kijiji, kama wengi wetu tulivyotoka katika nyumba za maalim wa madrasa.

Wanaomsimulia wanasema alikuwa mtu wa kimo cha wastani, mwembamba, mwenye makovu ya ndui usoni na macho yaliyotokeza kidogo. Alikuwa mkimya, mwenye haya na utulivu. Ndui ilikuwa ikiua watoto wengi zama zile, na aliyepona alibaki na alama zake maisha yote. Sijui kama makovu hayo yalimfundisha chochote kuhusu watu wanavyomtazama mgonjwa, lakini nilipoyasoma nilimwona kama mtu wa karibu.

Alipokuwa kijana alishikwa na hamu ya elimu. Akajiunga na msafara wa mahujaji, akaenda kwa miguu mpaka Iraq. Ukitazama ramani utaona ni njia ya zaidi ya kilomita 2,000, yenye milima na majangwa. Alikaa Iraq miaka minane. Ndiyo miaka ambayo Baghdad ilikuwa imejaa vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Kigiriki, Kisiriani na Kihindi, na wasomi wakibishana juu ya kila jambo. Huko alisoma kwa Yaqub bin Ishaq al-Kindi, yule anayeitwa mwanafalsafa wa Waarabu. Al-Kindi mwenyewe aliandika risala juu ya hila za kuondoa huzuni, kwa hiyo mwanafunzi wake alikutana mapema na wazo kwamba huzuni ni jambo la kuchunguzwa na kushughulikiwa, kama homa inavyoshughulikiwa.

Alisoma falsafa, tiba, hesabu za nyota, lugha na elimu ya kalamu. Katika ujana wake alitangatanga pia kimadhehebu, akitafuta haki iko wapi. Baadaye akatulia, na waliomjua walimshuhudia kuwa mtu wa dini iliyonyooka na mwenye kushikamana na ibada. Kisha akarudi kwao. Hilo nalo linanigusa. Angeweza kubaki Baghdad penye majina makubwa, lakini alirudi Balkh kufundisha, na elimu ya mji ikachangamka kwa sababu yake.

Cheo alichokataa na posho zilizokatwa

Aliandika vitabu vinavyotajwa kuwa 60 au zaidi, na vingi vimepotea. Kimoja kilihusu mpangilio wa Qur'ani, nacho kilisifiwa sana na waliokisoma. Kingine kilikuwa cha ramani za nchi za Kiislamu, ambacho kilianzisha mkondo mzima wa wanajiografia. Al-Istakhri na Ibn Hawqal walifuata njia yake, na katika ramani za mkondo huo utaiona nchi ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, imechorwa ukingoni mwa bahari.

Kuandika kulimgharimu. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja wa Khurasan aliyefuata mlengo wa Qaramita alikuwa akimpa posho ya mara kwa mara. Abu Zayd alipoandika kitabu kuchunguza namna watu wa mlengo huo walivyogeuza maana za Aya, posho ikakatwa. Waziri al-Jayhani naye alikuwa akimkirimu, mpaka Abu Zayd alipoandika juu ya dhabihu na kafara. Huyo naye akafunga mkono. Mtu aliyekuwa akiishi kwa kalamu alijua kabisa kalamu hiyo inaweza kumnyima chakula, na bado hakuigeuza. Wengine walimtuhumu kwamba ametoka katika dini. Aliyesimama kumtetea alikuwa rafiki yake Abu al-Qasim al-Ka'bi, mwanachuoni wa Muutazila, aliyesema kwamba anadhulumiwa na kwamba yeye anamjua tangu ujana kuwa ni mtu wa Tauhidi.

Urafiki wa wawili hawa una kisa kingine. Balkh ilipotawaliwa na amiri aliyefanana na Abu Zayd kwa jina, Ahmad bin Sahl, amiri alimtaka awe waziri wake. Abu Zayd akakataa. Alikubali kazi ya ukatibu tu, na uwazir akapewa Abu al-Qasim. Mshahara wa waziri ukawa dirhamu 1,000 kwa mwezi na wa katibu 500. Abu al-Qasim akamwambia mtunza hazina achukue dirhamu 100 katika fungu lake aziongeze kwa Abu Zayd, na hivyo waziri akawa anapokea 900 na katibu 600.

Kwa pesa hizo Abu Zayd alinunua shamba kijijini kwao Shamistiyan. Katika zama ambapo mtu wa daraja lake angejenga kasri mjini na kujaza watumishi, yeye alirudisha pesa mahali alipozaliwa. Baadaye niliposoma katika kitabu chake kwamba mtu aijue nafsi yake, uwezo wake na mpaka wake, asijitwishe matamanio ambayo nafsi haiwezi kuyabeba, niliona kwamba huyu hakuandika alichokisoma tu. Alikuwa amekataa uwazir.

Ukingoni mwa Jayhun

Sasa nifike kwenye kisa kilichonifanya nimpende.

Sifa zake zilifika Bukhara, mji mkuu wa dola ya Wasamani. Amiri wa Khurasan akamwita aende huko. Kati ya Balkh na Bukhara unapita mto Jayhun, ambao leo unaitwa Amu Darya. Ni mto mpana wenye mkondo wa nguvu. Abu Zayd alifunga safari, akafika ukingoni, akatazama mawimbi na upana wa maji. Hakuvuka. Alimwandikia amiri kwamba kama ameitwa kwa sababu ya busara yake, basi busara hiyo hiyo inamkataza kuvuka mto huu, na kama angeuvuka angekuwa ameonyesha kwamba hana busara ya kuitiwa. Amiri alipoisoma barua alifurahi, akamruhusu arudi nyumbani.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kucheka, na kweli kinachekesha. Mimi nilikisoma bwenini usiku, nikakaa kimya. Kwetu Bugarama tuna mto Ruzizi. Nawajua watu wazima ambao hawausogelei, na nawajua wengine ambao kuna njia fulani hawapiti kwa sababu ya waliyoyaona 1994. Hakuna anayethubutu kuliita jambo hilo kwa jina lake. Huyu hapa ni mwanachuoni mkubwa, aliyeandika mlango mzima juu ya hofu na tiba yake, na mbele ya maji aliogopa. Hakujifanya shujaa wala hakusema ni ugonjwa wa ghafla. Aliandika barua, akageuza mnyama wake, akarudi kufundisha.

Kitabu cha maslahi ya mwili na nafsi

Kitabu chake kinaitwa Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani yale yanayoifaa miili na nafsi. Kina sehemu mbili. Ya kwanza, yenye milango 14, ni ya mwili: hewa na maji ya mahali unapoishi, nyumba, mavazi, chakula, kinywaji, usingizi, kuoga, mazoezi. Ya pili, yenye milango 8, ni ya nafsi.

Katika sehemu hii ya pili anaeleza kwamba matabibu wa zama zake waliandika sana juu ya mwili na kuiacha nafsi, kana kwamba haiwahusu. Yeye anaona mtu ni vyote viwili. Mwili ukiugua, akili huzubaa na raha hupotea. Nafsi ikiugua, mwili nao hukosa ladha ya chakula na unaweza kupata maradhi yake. Anaongeza jambo ambalo kila mmoja wetu analijua akijichunguza: mtu anaweza kupitisha miaka bila ugonjwa mkubwa wa mwili, lakini ni nadra siku kupita bila hasira, hofu au huzuni kumgusa. Kwa hiyo kuuguza nafsi ni jambo la watu wote. Anayehitaji tiba hii hatoki katika kundi la Waislamu wema kwenda kundi jingine.

Kisha anagawa maradhi ya nafsi mafungu manne: hasira, hofu, huzuni na waswasi. Kila fungu analipa mlango wake. Njia zake ni mbili. Moja inatoka nje ya mtu, kwa nasaha, mazungumzo na watu wanaomzunguka. Nyingine inatoka ndani yake, kwa fikra anazozipanga mwenyewe dhidi ya fikra mbaya. Tena anashauri fikra njema ziwekwe akiba wakati wa utulivu, kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya ugonjwa, kwa kuwa ukishapandwa na ghadhabu huna nafasi ya kuanza kutafuta hekima.

Kuhusu hofu, anafundisha kuizoesha nafsi kile inachokiogopa kidogo kidogo, mpaka kisiwe kigeni tena. Kuhusu huzuni, anatenganisha aina mbili. Ipo inayojulikana sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali. Na ipo isiyo na sababu inayoonekana, mtu anaamka nayo na kulala nayo, hana raha ya lolote. Hii ya pili, anasema, ina asili yake katika mwili, na tiba yake iuguse mwili pia. Hivi leo madaktari wa akili wakiichambua sonona hutazama nao mambo ya namna hiyo. Bila shaka maelezo yake juu ya damu na vimiminika vya mwili ni ya tiba ya zama zile na yamepitwa na wakati. Lakini kule kutenganisha kwake ni kwa mtu aliyekaa na wagonjwa na kuwasikiliza.

Mlango wa mwisho

Mlango wa nane ndio niliousoma mara tatu kwa usiku mmoja. Hapo anazungumzia waswasi na mazungumzo ya ndani ya nafsi. Anaeleza jinsi fikra moja inavyomshika mtu, haimwachi, inamzuia kufanya kazi zake na kumwondolea furaha ya jambo lolote, hata akizungumzishwa masikio yake yapo na akili haipo. Mara nyingi fikra hiyo inamtishia balaa ambalo halijatokea na wala halielekei kutokea.

Tiba yake ya kwanza ni kwamba mtu asikae peke yake. Upweke huwasha fikra hizo, na mazungumzo ya watu huzizima. Ya pili ni kwamba asikae bila kazi, kwa kuwa nafsi isiyo na shughuli hurudi kwenye fikra yake. Ya tatu ni hoja za kujiambia mwenyewe: kwamba kama hatari ingekuwa karibu kama anavyodhani, wengine wasingekuwa salama wakiishi vilevile bila hofu hiyo, na kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia usalama kuwa ndio wa kawaida na maradhi kuwa na dawa zake. Hapa nilikumbuka Hadithi tuliyosoma madrasa, ya Masahaba waliomlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya fikra ambazo hawakuweza hata kuzitamka. Hakuwatuhumu. Aliwaambia kwamba kule kuchukizwa nazo ni imani iliyo wazi.

Mwaka 2015, watafiti wawili, Rania Awaad na Sara Ali, waliulinganisha mlango huu na vigezo vya leo vya ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia, wakaonyesha kwamba Abu Zayd aliutambua kama ugonjwa unaojitegemea karne nyingi kabla ya vitabu vya Ulaya kufanya hivyo. Kitabu chenyewe kilikuwa kimelala muda mrefu katika maktaba ya Ayasofya, Istanbul. Nakala ya mswada ilichapishwa Frankfurt mwaka 1984, na mwaka 2013 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi, kazi ya mwanasaikolojia wa Sudan, Profesa Malik Badri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Huyo ni mzee aliyetumia maisha yake kuwaambia wanasaikolojia Waislamu kwamba wanayo hazina na hawajaifungua.

Abu Zayd mwenyewe alifariki mwaka 322 Hijria, 934 Miladia, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Kutoka Balkh hadi Bugarama

Baada ya kusoma, sikupona usiku ule. Nawaambia hivyo ili asije mtu akatafuta kitabu kama mimi nilivyotafuta chupa. Nilichopata ni ujasiri wa kwenda kituo cha afya na kusema neno kwa neno kinachonisumbua. Nilipewa miadi kwa muuguzi wa afya ya akili, nikaenda wiki baada ya wiki. Zoezi alilonipa lilikuwa kutawadha mara moja, kuondoka na shaka yangu bila kurudi, na kuvumilia ile hofu mpaka ipungue. Rafiki mmoja wa bwenini alijitolea kutawadha pamoja nami kila Alfajiri na kunishika mkono tuondoke. Nilipomweleza muuguzi juu ya Abu Zayd, alicheka kwa furaha na kuniomba nimwandikie jina lake. Leo natawadha kwa dakika chache. Waswasi hauji tena kila siku, na ukija namjua mgeni ni nani.

Ndugu zangu, jambo hili si la mtu mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, na miongoni mwa walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hali ni nzito zaidi. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya watu wanajua huduma zipo, lakini waliowahi kuzitumia ni kama 5 tu katika kila 100. Kati ya kujua na kwenda kuna aibu. Kwetu mtu akitaja Ndera, hospitali ya akili ya Kigali, watu hucheka, na neno hilo hutumika kama tusi. Katika hicho kicheko wapo wanaokaa na birika dakika 40 wakijificha, kama mimi.

Na tusidhani hospitali peke yake itatosha. Abu Zayd aliweka kukaa na watu katika dawa, na nchi yetu imejifunza hilo kwa njia yake. Mwaka 2005 ilianza kule Byumba, kaskazini, tiba ya kijamii ambayo baadaye ikajulikana kwa Kinyarwanda kama Mvura Nkuvure, yaani nitibu nami nikutibu. Majirani huketi duarani mara moja kwa wiki, kwa wiki 15, wakianza na usalama, kisha kuaminiana, kujaliana na kuheshimiana, kabla ya kufika kwenye kumbukumbu zinazouma. Ukiisoma habari yake utadhani mtu amechukua mlango wa Abu Zayd akaupeleka kijijini.

Sisi baraza tunazo tayari. Tuna jamaa wanaokaa pamoja baada ya Alasiri, tuna darsa za jumuiya hii kila wiki, tuna mabweni ambamo hakuna anayelala peke yake. Kinachokosekana ni ruhusa ya kusema. Mimi naomba jumuiya yetu iweke, pamoja na darsa za fiqhi na tafsiri, darsa moja kwa mwezi juu ya afya ya nafsi, tumwite muuguzi na tumwite sheikh wakae meza moja. Naomba pia kwamba ndugu akikwambia halali usiku, kabla hujampima imani na kabla hujamwelekeza kwa muuza chupa, umuulize amekuwa hivyo tangu lini, kisha umsindikize kituo cha afya.

Mwaka jana likizoni, baada ya Swala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani aliniita kando ya msikiti. Alikuwa amesikia kwamba nimesoma juu ya hofu. Tulizungumza mpaka taa za msikiti zikazimwa. Aliyoniambia ni amana na siwezi kuyaandika. Nilimsimulia habari ya mwanachuoni wa Balkh aliyefika ukingoni mwa mto akarudi, na amiri hakumlaumu. Alitikisa kichwa muda mrefu. Asubuhi yake nilimsindikiza kituo cha afya, tukapita njia ya mashamba ya mpunga, na yeye ndiye aliyetangulia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Zayd al-Balkhi, awanufaishe kwa elimu yake walio hai, na awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi. Amin.